Watu sita, nyuzi ishirini na nne: mpige seksteti ipi?

Kundi likishatimia, fidla mbili, viola mbili na chelo mbili, ubishi wa kwanza huwa ni kazi gani ipigwe. Uwanja wenyewe si mpana. Boccherini alitunga seksteti sita za nyuzi mwaka 1776, Spohr akaongeza moja mwaka 1848, lakini zinazogombaniwa siku hizi ni tano: mbili za Johannes Brahms (Op. 18 na Op. 36; Op. ni namba ya kazi ya mtunzi), ya Antonín Dvořák (Op. 48), ya Pyotr Tchaikovsky (Op. 70, iitwayo Souvenir de Florence) na ya Arnold Schoenberg (Op. 4, Verklärte Nacht). Zote tano zilitungwa ndani ya miaka arobaini, kati ya 1859 na 1899.

Makundi mengi huchagua kwa kumtazama mpigaji wa fidla ya kwanza. Akiweza yeye, twende. Hapo ndipo mazoezi yanapoanza kwenda mrama, kwa sababu seksteti huamuliwa na chelo ya kwanza na viola ya kwanza. Katika kwarteti, kundi la watu wanne, chelo ni moja tu na kazi yake ni kubeba besi. Ikipanda juu kuimba, chini panabaki wazi kama nyumba isiyo na msingi. Ikija chelo ya pili kushika besi, ya kwanza inafunguliwa kamba, inaweza kuimba kuanzia kipimo (fungu la mapigo) cha kwanza hadi cha mwisho. Viola ya pili nayo inampa mtunzi ruhusa ya kuwagawa watu sita kuwa pande mbili za watatu watatu, zikaitikiana kama wanakwaya. Gharama yake ni kwamba ala nne kati ya sita zina sauti nzito. Mkipiga ovyo, mnapika uji.

Aliyezoea fidla za taarab, ambako safu nzima hupiga wimbo mmoja kwa pamoja, atahitaji siku kadhaa za kujizoesha. Huku kila karatasi ina mtu mmoja, na hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake.

Brahms ya kwanza, Op. 18: chelo ndiyo bibi harusi

Brahms alikuwa na umri wa miaka 27 seksteti hii ya B-flati meja ilipopigwa hadharani kwa mara ya kwanza, Hanover, tarehe 20 Oktoba 1860, ikiongozwa na rafiki yake mpiga fidla Joseph Joachim. Ukiijua hali aliyokuwa nayo utaelewa kwa nini muziki wenyewe umetulia namna hii. Kwarteti ya nyuzi ilikuwa mali ya Beethoven, na Brahms aliiogopa: kwarteti zake mbili za kwanza, Op. 51, hazikuchapishwa hadi 1873, baada ya nyingine nyingi kuishia kwenye takataka. Seksteti haikuwa na mzee wa kuogopwa. Akakaa humo akapumua.

Kazi inaanza na chelo ya kwanza ikiimba, chini yake viola moja na chelo ya pili tu. Fidla zinasubiri. Mwanzo huu ulitokana na ushauri wa Joachim, kwamba wimbo usikike kwanza kwenye chelo kabla ya kuchukuliwa na wengine juu. Kwa hiyo kama mpigaji wenu wa chelo ya kwanza ana sauti nyembamba au anaogopa kusikika peke yake, kazi nzima imeshapoteza uso wake ndani ya nusu dakika. Sehemu ya mwisho nayo inafunguliwa na chelo hiyo hiyo. Hana pa kukwepea.

Sehemu ya pili, Andante ma moderato katika D maina, ndiyo watu wanayoijia. Ni wimbo mmoja na mageuzo sita, yaani wimbo ule ule ukirudi mara sita kwa sura mpya. Brahms aliipenda kiasi cha kuiandika upya kwa piano na kumpelekea mpiga piano Clara Schumann siku yake ya kuzaliwa, 13 Septemba 1860. Viola ya kwanza ndiyo inayoanza kuimba, fidla inafuata. Wapigaji wengi wa viola hawajawahi kupewa nafasi kama hiyo maishani, basi wanaibana noti kwa nguvu za mkono na uzi unakwaruza. Dawa ni upinde mwingi na uzito kidogo, na wale wanaopiga kodi (noti kadhaa kwa mpigo mmoja) chini wazipasue kodi hizo pamoja, zianze kwenye pigo, si kabla ya pigo.

Kuna mtego kwenye mwendo, na karibu kila kundi hunaswa nao mara ya kwanza. Wimbo wenyewe unavutia upigwe polepole, kama maandamano ya mazishi. Geuzo la kwanza lina noti nne kwa kila pigo, la pili sita, la tatu nane, na hizo nane zimewekwa kwenye chelo zikipanda na kushuka kama mawimbi. Mapigo hayabadiliki, ni noti tu zinazokatwa kuwa ndogo zaidi. Mkianza kwa haraka, chelo zinazama kwenye geuzo la tatu. Mkianza polepole mno, wimbo unakufa kabla ya kufika huko. Basi anzeni mazoezi kinyumenyume. Waambieni chelo wawili wapige geuzo la tatu peke yao kwa mwendo ambao kila noti inasikika, someni namba kwenye metronomu (kifaa cha kupimia mwendo), iandikeni kwa penseli juu ya wimbo wa mwanzo kwenye karatasi zote sita. Huo ndio mwendo wenu. Likipita geuzo la tatu linakuja D meja, tulivu kama wimbo wa kanisani, na viola inapewa tena nafasi yake kwenye la tano. Msikimbilie kuongeza kasi eti mmepumzika.

Skerzo, ile sehemu changamfu, ni fupi na haina shida, isipokuwa sehemu ya katikati, ambayo imeandikiwa kwenda mbio zaidi na watu hurudi kwenye mwanzo wakiwa bado na mbio zile. Kazi nzima huchukua dakika 35 hadi 38 hivi, kutegemea kama mnarudia ule mzunguko wa kwanza wa sehemu ya kwanza.

Brahms ya pili, Op. 36: nzuri zaidi, na ngumu kwa namna isiyoonekana

Hapa maoni yetu tuyatoe wazi: Op. 36 ni muziki bora kuliko Op. 18, na ni chaguo baya kwa kundi linalokutana kwa mara ya kwanza. Ukiifungua karatasi utaona noti chache, nafasi nyeupe nyingi, ukadhani ni rahisi. Ugumu wake uko katika kupatana sauti na kuweka uwiano, mambo mawili ambayo kundi jipya halina.

Aliitunga 1864 na 1865, sehemu kubwa akiwa Lichtental karibu na Baden-Baden. Ajabu ni kwamba haikuanzia kupigwa Ujerumani bali Boston, Marekani, tarehe 11 Oktoba 1866. Ulaya iliisikia mwezi uliofuata, Zurich.

Habari inayojulikana zaidi kuhusu kazi hii ni ya Agathe von Siebold. Mwaka 1858, mjini Göttingen, Brahms alimpenda binti huyu wa profesa, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Walivishana pete, kisha Brahms akajitoa mwanzoni mwa 1859. Miaka mitano baadaye, katika sehemu ya kwanza ya seksteti hii, kwenye vipimo vya 162 hadi 168, akaweka noti A-G-A-H-E. Wajerumani huiita H ile noti ambayo wengine wanaiita B, kwa hiyo jina linasomeka, likikosa T tu kwa kuwa hakuna noti ya namna hiyo. Wako wanaofikiri habari hii ni ya kupamba programu za maonyesho. Kwa mpigaji ina faida ya kazi: inakuonyesha kilele cha sehemu hiyo kiko wapi. Kosa la kawaida ni kuzipigia noti hizo kelele kana kwamba hadhira inapaswa kuzisoma ukutani. Hadhira haitazisoma. Zinajirudia mara kadhaa mfululizo, na kinachotakiwa ni kila mara moja ipande kidogo kuliko iliyotangulia.

Tatizo la kwanza kabisa liko kipimo cha kwanza. Viola ya kwanza inaanza kutikisa noti mbili zilizo jirani, G na F-kali, taratibu, bila kukoma, kwa takriban vipimo 30. Juu yake fidla inapanda kwa mruko mpana wa G hadi D, halafu ghafla E-flati hadi B-flati, kama mtu aliyeingia nyumba mbili kwa mlango mmoja. Mambo matatu huharibika hapo:

F-kali inapanda. Sikio la mpigaji linaisukuma kuelekea G kwa mazoea, na fidla inapofika kwenye E-flati kodi nzima inakwaruza. Mpigaji wa viola na wa fidla ya kwanza wakae wawili tu, fidla ishike kila noti kwa sekunde nne au tano, viola itikise chini yake hadi wote wawili wasikie kimya kati yao. Dakika ishirini za kazi hiyo zinaokoa mazoezi mawili.

Mkono unachoka, na ukichoka mwendo unakwenda mbele. Upinde utumike sentimita chache tu, kwenye nusu ya juu, kifundo cha mkono kikiwa laini. Na noti ya G isipewe msukumo kila inapotokea, maana ikifanyiwa hivyo inageuka saa ya ukutani.

La tatu ni la wengine watano: wanapiga kwa nguvu ya kawaida. Viola haiwezi kusikika chini ya hapo, na ikijaribu inarudi kwenye tatizo la pili.

Skerzo ya Op. 36 imetoka kwenye ngoma ndogo ya piano ambayo Brahms aliiandika miaka kumi hivi nyuma, ikiwa na mapigo mawili, si matatu kama ilivyo desturi ya skerzo. Imejaa pizikato, yaani kudonoa uzi kwa kidole. Sauti ya uzi uliodonolewa hutoka papo hapo, ya upinde huchelewa kidogo, basi wanaodonoa hujikuta wako mbele ingawa wanahesabu sawasawa. Wanaodonoa wamwangalie mwenye wimbo mkono, wasimsikilize. Sehemu ya polepole ni mageuzo matano katika E maina, makavu kidogo mwanzoni. Wimbo wake Brahms alikwisha kumtumia Clara kwenye barua tangu 1855. Sehemu ya mwisho inaanza na noti ndogo zinazorudiwarudiwa kwa kasi. Ipigeni polepole kwa wiki nzima kabla ya kuijaribu kwa mwendo wake, la sivyo fidla mbili hazitakaa pamoja. Muda wote ni karibu dakika 40.

Tchaikovsky, Op. 70: jina la Italia, jasho la Urusi

Watu huichagua kwa jina lake na kwa sehemu ya mwisho, ambayo huwainua watu vitini. Jina limetokana na wimbo wa sehemu ya pili, alioupata akiwa Florence mwanzoni mwa 1890 akitunga opera. Kazi yenyewe aliiandika nchini kwake, Urusi, katikati ya mwaka huo, kulipa ahadi kwa Chama cha Muziki wa Chemba cha St. Petersburg, kilichokuwa kimempa uanachama wa heshima. Ilisikika hadharani mwishoni mwa mwaka, hakuridhika, akaifanyia marekebisho kati ya Desemba 1891 na Januari 1892, na hiyo ndiyo inayopigwa.

Alipokuwa akiitunga alimlalamikia ndugu yake Modest kwamba taabu yake ilikuwa kupata sauti sita zinazojitegemea lakini zenye asili moja. Alichokihofia ni kuandika okestra halafu kuibana ndani ya ala sita. Tukisema kweli, kwenye sehemu ya kwanza na ya mwisho hofu hiyo imetimia kwa kiasi fulani: kuna kurasa ambazo wote sita wanapiga kwa nguvu kwa muda mrefu. Si dosari kwa hadhira. Kwa wapigaji ni hatari, kwa sababu kila mmoja anapojisikia amefunikwa anaongeza nguvu, na ndani ya dakika mbili hakuna anayesikia kitu. Pitieni karatasi zenu na, palipoandikwa nguvu kamili kwa wote, wekeni alama nani ana wimbo. Wengine wanne au watano washuke ngazi moja. Hamtapungukiwa, ala sita bado ni nyingi.

Kazi inaanza ghafla, bila utangulizi, kwa kodi yenye ukali inayotaka kutulizwa. Mkipiga kodi hiyo bila kupumua pamoja kwanza, mtaipata mara moja kwa kila majaribio matatu. Fidla ya kwanza atoe pumzi ya pigo zima, kwa mwendo kamili, na macho yote yawe kwake, si kwenye karatasi. Ni noti moja tu, inakaririka.

Sehemu ya pili, D meja, ni mazungumzo ya fidla ya kwanza na chelo ya kwanza, huku wengine wakidonoa tatu tatu chini yao. Kati yake panafunguka jambo la ajabu: wote wanahamia kwenye ncha ya upinde, wanapiga noti za haraka kwa sauti ya chini sana, kama upepo kwenye makuti. Ni dakika moja hivi tu, na ndiyo inayotofautisha kundi lililofanya mazoezi na lisilofanya. Upinde usiondoke kwenye uzi, na kuongezeka kwa sauti kuwe kwa ghafla na kupungua kwa ghafla kama ilivyoandikwa. Ukilainisha mabadiliko hayo hakuna kinachobaki. Sehemu ya tatu, A maina, inaanza na wimbo wenye harufu ya kijijini Urusi kwenye viola ya kwanza. Tena viola.

Sehemu ya mwisho ina mahali ambapo sauti moja inaanzisha wazo, nyingine inalidaka, nyingine tena, hadi wote wamo. Tchaikovsky alijivunia sana hapo. Pamejaa noti, na kila anayeingia huingia kwa kishindo ili asikike. Fanyeni kinyume: anayeingia yuko sawa, ni aliyetangulia ndiye anayepaswa kupisha mara tu wazo lake linapokwisha. Mwisho kabisa mwendo unaongezwa tena, kwa hiyo msianze sehemu hii kwa kasi ya mwisho. Kazi nzima ni dakika 34 au 35.

Kati ya zote tano, hii ndiyo inayomtegemea zaidi mpigaji wa fidla ya kwanza. Ni hapa tu ndipo ile kanuni ya kumtazama yeye kwanza ina maana, na hata hapa chelo ya kwanza dhaifu itaiua sehemu ya pili.

Dvořák, Op. 48

Haipigwi sana na hatujui sababu nyingine zaidi ya kwamba imesimama katikati ya majirani wakubwa. Dvořák aliiandika kwa muda wa wiki mbili hivi, Mei 1878, katika ile miezi ambayo Brahms alikuwa amemtambulisha kwa mchapishaji wake Simrock na Ngoma za Kislavoni zilikuwa zinamtoka. Ilipigwa kwanza nyumbani kwa Joachim, Berlin, tarehe 29 Julai 1879, halafu hadharani humo humo Berlin mwezi Novemba. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kuzinduliwa nje ya nchi yake.

Sehemu mbili za katikati zina majina ya Kicheki na Kislavoni: dumka, ya huzuni inayobadilika badilika, na furiant, ngoma ya kasi. Ya mwisho ni wimbo na mageuzo. Imeandikwa na mtu aliyepiga viola kwenye okestra kwa miaka, na mikono inaisikia: karibu kila kitu kinakaa mahali vidole vinapotaka kwenda. Kwa kundi jipya ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Dakika 32 hivi, na mazoezi manne ya saa mbili mbili yatawafikisha mahali pa kuipiga mbele ya watu bila aibu. Udhaifu wake ni sehemu ya kwanza, ambayo ni ndefu kuliko inavyohitaji kuwa. Mkirudia kila kilichoandikiwa kurudiwa, watu watatazama saa.

Schoenberg, Op. 4

Septemba 1899, akiwa na miaka 25, Schoenberg alikuwa mapumzikoni Payerbach pamoja na mwalimu na rafiki yake Alexander Zemlinsky na dada yake Zemlinsky, Mathilde, ambaye Schoenberg alimwoa miaka miwili baadaye. Kwa wiki tatu hivi aliandika sehemu kubwa ya kazi hii juu ya shairi la Richard Dehmel: mwanamke na mwanamume wanatembea msituni chini ya mwezi, mwanamke anakiri ana mimba ya mtu mwingine, mwanamume anaikubali mimba hiyo kuwa yake. Chama kimoja cha wanamuziki Vienna kiliikataa, kwa kisingizio kwamba ndani yake mna kodi ambayo haimo kwenye vitabu vya muziki. Mpiga fidla Arnold Rosé na wenzake wa kwarteti, wakiongezewa wapigaji wawili, waliipiga Vienna tarehe 18 Machi 1902.

Haina sehemu nne. Ni mfululizo mmoja wa dakika 28 hadi 30, kutoka D maina hadi D meja, ukifuata beti tano za shairi. Kabla ya kugusa ala, someni shairi, kisha gaweni karatasi kwa beti na mfanye mazoezi kwa beti, si kwa namba za vipimo. Mwendo unabadilika kila mara, wakati mwingine ndani ya kipimo kimoja, na hakuna mtu anayeweza kuufuata kwa karatasi yake peke yake. Kila mpigaji anahitaji nakala ya noti za wote sita, angalau nyumbani. Wanaodhani ni gharama isiyo ya lazima hugundua mazoezi ya tatu kwamba wamekuwa wakihesabu kimya kisicho chao.

Mwanzo wake ni noti za D za chini, taratibu na kwa sauti ndogo sana, kwenye viola ya pili na chelo ya pili. Rahisi kabisa kwenye karatasi. Lakini mkono wa upinde ukitetemeka hapo, kila mtu ukumbini anajua. Hii ndiyo seksteti pekee kati ya tano ambayo wapigaji wa pili hawana kazi ya pili. Mkiwa na mtu mmoja dhaifu, popote alipo, msiichukue. Mazoezi kumi ndiyo kiwango cha chini.

Ipo pia kwa okestra ya nyuzi: Schoenberg mwenyewe aliipanua mwaka 1917 na kuirekebisha 1943. Angalieni mnachonunua, kwa sababu karatasi za okestra zina sehemu ya kontrabesi (ala kubwa kuliko chelo) na migawanyiko ambayo watu sita hawaiwezi.

Karatasi na viti

Brahms, Tchaikovsky na Dvořák wamekufa zaidi ya karne moja iliyopita na kazi zao ni huru kila mahali. Schoenberg alifariki Julai 1951: nchi zinazohesabu miaka 50 baada ya kifo, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilishamwachia zamani, na zile za miaka 70, kama za Umoja wa Ulaya, zimemwachia tangu Januari 2022. Nakala za bure za matoleo ya kale zinapatikana mtandaoni, lakini nyingi zina herufi za mazoezi tu bila namba za vipimo. Mtu mmoja akae jioni moja aandike namba kila mwanzo wa mstari kwenye karatasi zote sita, kisha zilinganishwe. Vilevile matoleo hayo yalichapwa kwenye karatasi kubwa kuliko A4. Mkiyachapisha kwa A4 noti zinakuwa ndogo kama chawa. Chukueni A3 mkunje katikati. Kwa Brahms, toleo la mchapishaji Henle linastahili fedha yake, hasa kwa sababu wamefikiria mahali pa kufungulia ukurasa.

Kukaa, tunapenda mpangilio huu kwa nusu duara kutoka kushoto kwa hadhira: fidla ya kwanza, fidla ya pili, chelo ya pili, chelo ya kwanza, viola ya pili, viola ya kwanza. Chelo zikiwa katikati zinaelekeza sauti moja kwa moja mbele na kila mtu anaisikia besi. Tatizo ni viola ya kwanza kugeuza tundu la ala yake mbali na hadhira. Kwa Op. 18, ambako viola ina wimbo mkubwa, badilishaneni: viola ndani, chelo ya kwanza pembeni ikielekea ndani. Jaribuni kwenye ukumbi wenyewe, mtu mmoja akae kiti cha nyuma kabisa na kusema anachosikia, halafu muwekee alama ya chaki sakafuni kila mguu wa kiti.